Ndugu wa Mkutanoni

Juzi, kwenye dirisha la maabara hospitalini Singida, muuguzi aliomba watu wa kumtolea damu mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Mwenyekiti wa tawi letu la chama, ambaye hafungui kinywa bila "ndugu zangu", akateremsha mkono wa shati taratibu, akafunga kifungo.

"Huyu si ndugu yangu wa damu."

"Ndugu Mwenyekiti, hatuulizi ukoo. Tunapima kundi," muuguzi akajibu, amefumba macho kwa uchovu.

Mwenyekiti akakumbuka ana kikao. Aliyetoa damu ni Mhindi mwenye duka la kanga.

Jioni, mkutanoni, mwenyekiti akatuonya: "Ndugu zangu, yule wa duka la kanga ni mnyonyaji."

Watu wakapiga makofi. Mwenye duka, pamba bado imebandikwa mkononi, naye akapiga. Mikono yangu ilikataa.