Tuta la Mashimo Mawili

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa kahawa walipoanza kugombania wakulima wa Mbinga, mimi nilirudi nyumbani kutoka chuo na kazi ya shahada iliyokataliwa mara mbili. Ingekataliwa mara ya tatu, basi tena, shahada ningeisikia kwa wenzangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kueleza mfumo kwa lugha ya kihisabati, kabla programu ya kompyuta haijaandikwa. Kila kitu unakipa sehemu zake na masharti yake, kisha unathibitisha kwamba hayavunjiki. Nilichagua ngoro, yale mashimo ya mlimani tunakolima maharage. Nilikulia Liuli, huko ziwani, kwa bibi, maharage nikiyaona yakija ndani ya gunia, lakini nani angeniambia kitu? Niliandika: kila shimo lina matuta manne ya kulizunguka, na kila tuta ni la shimo moja. Nikapenda sharti hilo lilivyokaa.

Mama aliishia darasa la nne, na hakuwa mtu wa kukusifia bure. Alinisikiliza nikisoma, akanikabidhi jembe, akasema nichimbe vile vile nilivyoandika. Nikalaza nyasi pande nne, nikazifukia kwa udongo ziwe matuta. Shimo la kwanza lilipendeza. La pili nilipolipa matuta yake manne, tuta lake moja na la shimo la kwanza yakasimama bega kwa bega, katikati yake mfereji umenyooka kuelekea bondeni. Mvua ya jioni ilipita humo humo, ikashuka na udongo wa mama.

Nililia, wala si kwa ajili ya udongo tu. Mama alicheka kwanza, ndivyo alivyo, kisha akashika jembe akayaunganisha yale matuta.

"Tuta ni la mashimo mawili, mwanangu," alisema. "Likibomoka, yanaumia yote."

Nilibadili sharti hilo moja. Mengine, yaliyonigomea mwaka mzima, yakathibitika karibu yenyewe. Mwalimu wangu aliuliza nimelitoa kitabu gani. Nikasema nimelitoa kwa mama. Alinitazama akidhani namtania, halafu akatia saini.

Nilimkuta mama anapepeta maharage nilipompelekea habari. Aliuliza kama ni kweli huko mjini mtu anapewa shahada kwa kujua ngoro. Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa namna fulani. Akapepeta kidogo, akaweka ungo chini.

"Mbona sisi huku hawajawahi kutuuliza?"