Sauti Chini ya Nguzo ya Tatu

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi daraja. Si nyumba, si mageti: daraja moja tu la chuma, lile linalovuka mkono wa bahari kutoka mjini kwenda ng'ambo. Chumvi hula chuma kama mchwa anavyokula mbao, kwa hiyo alianzia upande wa mji, akapaka, akapaka, na alipofika ng'ambo miaka mitatu ilikuwa imepita na upande wa mji umeshashika kutu. Akabeba ndoo yake akarudi mwanzo. Watu wakamwita Brashi. Jina alilozaliwa nalo likabaki kinywani mwa mama yake na kwenye karatasi za mshahara.

Mchana alilipaka daraja, usiku alivua juu yake. Kwenye njia ya waenda kwa miguu wavuvi wa mshipi hujipanga, kila mtu na mahali pake, na mahali pa mtu hapakaliwi na mwingine hata mwenyewe akiwa mgonjwa. Jirani yake alikuwa Kinyozi, mwanamume aliyekuwa na maneno mengi kuliko samaki.

Kaka yake Brashi hakuupenda mshipi. Alisema kuvua kutoka darajani ni kama kuchumbia kwa barua. Yeye alikuwa mtu wa mkuki. Maji yakipwa alishuka chini, karabai mkono wa kushoto, mkuki wa meno matatu mkono wa kulia, akitembea polepole kwenye maji ya magotini kuwatafuta gayogayo. Samaki huyu ni bapa kama sahani, na macho yake yote mawili yamehamia upande mmoja wa uso. Hujifukia mchangani akabaki macho tu. Asiyemjua atamkanyaga. Kaka alimwona kutoka hatua nne, akamchoma nyuma ya kichwa, akakandamiza, kisha akatia kiganja chini ya tumbo kabla ya kumwinua, maana ukimwinua kwa mkuki peke yake atajipinda aponyoke, nawe ubaki na maji.

Alipofika chini ya nguzo ya tatu aliinua uso na kuita, usiku baada ya usiku, mzaha uleule: "Mdogo wangu, shusha kamba, nimekwama." Hapakuwa na kukwama. Ilikuwa kamba ya kupandishia kikapu cha samaki, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Brashi naye alimjibu lolote lililomjia, na safu nzima ya wavuvi ikacheka.

Usiku mmoja Kinyozi hakuja, na upepo ulikuwa umewafukuza wengine mapema. Brashi alibaki peke yake, na kitu kizito kilikuwa kimeushika mshipi wake, kinauvuta, kinaulegeza. Kaka akaita kutoka chini: "Mdogo wangu, shusha kamba, nimekwama."

"Pandia ndevu zako," Brashi akajibu bila kugeuka.

Akaita mara ya pili. Brashi akacheka tu. Akaita mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na aliye karibu naye. Kisha mwanga wa karabai uliokuwa ukicheza kwenye nguzo ukazimika. Brashi akadhani ni sehemu ya mzaha. Alihangaika na mshipi wake muda wa kuvuta sigara moja, na samaki akakata akaenda. Ndipo alipochungulia chini. Maji yalikuwa yanarudi kwa kasi, meusi, wala hapakuwa na mtu.

Walimpata siku ya pili, amenasa kwenye mawe ya nguzo. Ilijulikana baadaye kwamba mkondo ulikuwa umechimba shimo la tope pale, tope linalomeza mguu hadi pajani. Msibani mzee mmoja alisema, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Alikuwa anazungumzia habari nyingine kabisa, mambo ya wajukuu wake, lakini Brashi aliinuka akaenda kusimama nje.

Mama yao alimwita chumbani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, kile alichokalia kila usiku akiwasubiri wanawe warudi kutoka majini.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema. "Alisema nini?"

Brashi alimtazama. Ulimi hauna mfupa. "Alisema, 'Mwambie mama asinisubiri. Mwambie alale.'"

Mama akafumba macho. Hakuwa amelala tangu habari ifike, na usiku ule alilala.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Brashi ilikwenda miaka kumi na tisa. Mama aliwasimulia majirani, akawasimulia wageni, na siku ya kufa kwake aliwaambia waliomzunguka, "Niacheni. Mwanangu alisema nilale." Kila mtu chumbani alilia. Brashi alikuwa ameshika bakuli la maji, akaendelea kulishika mpaka likachukuliwa mkononi mwake.

Na sauti ilikuwa inamwita. Si kila usiku. Zile siku mbili tatu za mwezi ambapo maji hupwa sana, saa ileile, ilitoka chini ya nguzo ya tatu, ya taratibu, isiyolalamika: shusha kamba. Miaka ya kwanza aliondoka mbio. Baadaye alibaki, akaishusha kamba kweli, akaishika mpaka ikawa nzito kwa umande. Kinyozi alimwona. Mtu yule ambaye hakuacha jambo bila kulitia neno, kwa hili alinyamaza, akasogeza ndoo yake ili kamba ipite.

Kaka alikuwa ameacha mke na binti wa miaka minne. Binti akakua, akawa nesi. Kwa desturi ya damu Brashi alikuwa baba yake mdogo, na ndivyo alivyomwita: "Baba mdogo, umekula? Baba mdogo, hilo koti halikufai." Siku moja alimjia darajani na taa ya kufunga kichwani.

"Nataka unifundishe mkuki," alisema. "Mama hataki kusikia. Nimebaki na wewe."

"Mimi ni mtu wa mshipi."

"Ulimwona akifanya. Hiyo inatosha."

Brashi hakuwa ameshuka kule chini tangu walipomtoa kaka yake. Alishuka. Alimwonyesha kuburuta miguu badala ya kuiinua, ili taa, wale samaki wenye mwiba mkiani, waliolala mchangani washtuke wakimbie kabla ya kukanyagwa. "Baba yako alikuwa anasema kuna taa mbili," alimwambia. "Ya juu inakumulikia, ya chini inakuchoma." Binti akacheka. Lilikuwa cheko lilelile la kaka.

Gayogayo wa kwanza binti alimkosa. Wa pili alimchoma sawasawa, akatia kiganja chini, akamwinua anang'aa. Walikuwa wameshafika karibu na nguzo ya tatu.

"Unajua," binti alisema, akimtia samaki kikapuni, "yale maneno ya baba nayatumia kazini. Mgonjwa akiwa anaondoka, na ndugu zake hawapo, namshika mkono namwambia, lala. Usisubiri, lala. Wanatulia, baba mdogo. Huwezi kuamini wanavyotulia."

Brashi alisimama. Maji yalikuwa yamefika chini kidogo ya magoti, yakipita taratibu.

"Hakusema hivyo," alisema.

Akamweleza yote: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Samaki aliyekuwa kwenye mshipi. Ndevu. Alieleza akitazama maji, kwa sababu taa ya binti ilikuwa inammulika usoni na haikuhama.

"Bibi alikufa nayo," binti alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mimi nawapa watu wanaokufa."

Binti akageuka, akaenda zake na mwanga wote. Brashi alibaki gizani, maji yakianza kujaa, asijue shimo liko mbele au nyuma. Alisikia pumzi yake tu, kisha akasikia pumzi nyingine. Hakuthubutu kuinua mguu. Mwanga uliokuwa ukienda ukasimama ufukoni, ukageuka, ukammulikia njia. Haukumsogelea. Aliufuata akiburuta miguu, na alipofika pakavu binti akaizima taa, akaondoka.

Baada ya siku tisa shemeji yake, mjane wa kaka, alimwita. Alimkuta chumbani kwake akikunja mashuka, na hakumkaribisha kiti.

"Mwanangu kaniambia. Nataka nisikie kwako. Neno kwa neno, usipambe."

Brashi alirudia. Alipofika kwenye ndevu, shemeji aliacha kukunja.

"Ndevu gani?" aliuliza. "Mume wangu alikuwa na ndevu?"

"Hakuwa nazo."

"Kidevu kama yai. Alinunua mpaka mafuta ya kuotesha, akayaficha chini ya godoro nisione." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya mashuka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na Brashi akasimama pale hajui aitie wapi mikono yake.

Alipotulia aliuliza, "Ya tatu, uliisikia sauti gani?"

"Ya chini. Kama vile nipo karibu naye."

"Ulijua?"

"Mkono ulijua. Ulitaka kuachia mshipi. Mimi ndiye niliyekataa."

Shemeji alichukua shuka, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. "Yale ya kulala mwachie mama yenu, yalikuwa yake. Haya ya ndevu ni yangu. Sasa nenda, shemeji. Leo siwezi kukutazama zaidi ya hapa. Njoo Jumapili."

Alikwenda Jumapili, na Jumapili nyingine. Walizungumza juu ya bei ya mafuta ya taa na paa linalovuja, akalipanda akaliziba, na Jumapili moja akamwambia habari ya sauti.

Binti alikawia zaidi. Alipita darajani mara mbili bila kusimama. Mvua zilikuja zikaisha. Usiku mmoja wa maji kupwa sana alifika akiwa bado na sare ya kazi, akakaa juu ya ndoo ya Kinyozi iliyogeuzwa.

"Mama anasema unaisikia."

"Naisikia."

"Saa ngapi?"

"Bado kidogo."

Walikaa. Saa ilipofika Brashi akainua kichwa, na binti akamwona uso unavyobadilika, kama wanavyobadilika wale wa wodini wakimwona mtu mlangoni ambaye wengine hawamwoni. Yeye hakusikia kitu isipokuwa maji kwenye nguzo. Hakumwambia. Aliuliza tu, "Amesema nini?"

"Hilohilo."

Binti alivuta koti lake vizuri, akakaa naye mpaka maji yalipojaa na safu nzima ya wavuvi ikaanza kukunja mishipi.