Lita Moja Hadi Homa Bay

Mama Roselyn hushika klachi kwa vidole vyenye udongo. Ndivyo utakavyomtambua ukikutana naye kwenye barabara ya Ndhiwa: mwanamke wa miaka hamsini na minane, leso kiunoni juu ya suruali ya marehemu mumewe, nyuma yake kreti ya mbao yenye mitungi minane iliyofungwa kwa nyasi kavu, na nyuma ya mitungi moshi wa buluu. Pikipiki yake ni ya zile za zamani ambazo petroli huchanganywa na oili. Vijana wa boda huiita Ondiek, yaani fisi, kwa sababu ya sauti yake, na pia kwa sababu ya tumbo lake.

Mumewe, Cephas, alikuwa akikagua mitego ya mbung'o katika bonde la Lambwe. Alipostaafu aliinunua pikipiki aliyokuwa akiitumia kazini, akamfundisha mkewe kuiendesha katika uwanja wa shule siku za likizo. Miaka sita iliyopita alifariki. Watu walidhani Ondiek itakuwa mahali pa kuku kulalia. Wiki tatu baada ya matanga Mama Roselyn aliipiga teke, ikawaka, akaenda nayo sokoni. Kanisani walisema mengi. Kisha wakaanza kumtuma awaletee samaki.

Mimi ni fundi kutoka Suna. Nimekuwa na kibanda changu Ndhiwa miaka kumi na minne, lakini Mama Roselyn bado ananiita Ja-Suna, mtu wa Suna, kana kwamba nilishuka jana.

Mwezi wa pili mwaka huu aliniita nyumbani kwake. Mwanawe Elvis, ambaye ana duka la misumari na rangi mjini Migori, alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama mbele ya Ondiek kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Mama, hii kitu inakula kuliko sisi watoto wako wote tulivyokula," alisema.

"Wewe hujui ulivyokuwa unakula," mama yake akamjibu bila kuacha kukanda udongo.

Elvis si mtu mbaya. Alitaka mama apumzike, madalali wawe wanakuja kuchukua mitungi pale pale nyumbani. Alikuwa amemtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, naye angefika Jumamosi. Mama Roselyn alijua maana yake. Bila Ondiek angekaa nyumbani na kuuza mitungi kwa watu wasiomjua, na asingejua tena ni nani anayepika mboga ndani ya kazi ya mikono yake.

"Lita moja," Elvis akasema mwishowe. "Ikifika soko la Homa Bay kwa lita moja, na mitungi yote minane, nitanyamaza. Ikishindwa, inaondoka."

"Na ikifika, hutaitaja tena mpaka siku mtakayonizika."

"Sawa."

Ndipo wote wawili wakageuka kunitazama. Kwa mzigo ule, lita moja ilikuwa ikiishia Rodi Kopany, na Rodi ni kama kilomita ishirini tu. Kufika Homa Bay bado kumi na tatu.

"Nitaangalia hedi," nilisema. Maneno hayo niliiambia spana.

Hedi ni kile kifuniko cha juu ya silinda, mahali plagi inapokaa. Pistoni ikipanda, huminya petroli na hewa chini ya hedi, kisha plagi inatoa cheche. Nafasi iliyobaki hapo juu ikiwa kubwa, petroli haiminywi vizuri. Inaungua kivivu, na nyingine inatoka kwa ekzosi kabla ya kufanya kazi yoyote. Ule moshi wa Mama Roselyn ulikuwa chakula kinachomwagwa. Lakini ukiisugua hedi kwa chini, inakaa karibu zaidi na pistoni, nafasi inapungua, na petroli ile ile inasukuma kwa nguvu zaidi. Ukizidisha, pistoni inaigonga hedi, na hapo mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja ya kungoja Jumamosi.

Nilitaka nafasi ya milimita moja. Ili kujua iliyopo, nilichukua donge la udongo wa Mama Roselyn, nikaliweka juu ya pistoni, nikafunga hedi na gasketi yake, nikaizungusha injini polepole kwa mkono, nikafungua. Udongo ulikuwa umeminywa ukawa kama chapati yenye kitovu. Pembeni, mahali pembamba, ndipo pa kupima. Lakini ulikuwa laini, nikaogopa kuuharibu kwa kisu. Mama Roselyn alikuwa ameenda sokoni kwa miguu. Nikauweka dirishani ukauke hadi kesho yake. Niliona nimefanya kazi ya mtu makini.

Kesho yake nikaupima: milimita mbili. Basi ya kuondoa ni moja. Nililaza kioo cha dirisha juu ya meza, nikatandika msasa juu yake, nikamwaga mafuta ya taa kidogo, nikaanza kuisugua hedi kwa mizunguko, nikiigeuza kila mara isije ikaenda upande. Ilichukua asubuhi nzima. Mama Roselyn alikaa mbali kidogo akifinyanga, viganja vyake na msasa wangu vikisikika pamoja.

Jumatano tulifanya majaribio, sisi wawili tu. Nilikausha tangi, nikamimina lita moja iliyochanganywa na oili, tukafunga mitungi. Yeye mbele, mimi nyuma kwa pikipiki yangu. Moshi ulikuwa umepungua. Rodi Kopany tukaipita bila kusimama, akanipungia mkono bila kugeuka. Nikaanza kuamini. Kisha, kilomita tatu kabla ya Homa Bay, Ondiek ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Alishuka, akaitazama barabara iliyobaki.

"Karibu," alisema.

"Karibu si kufika, Mama."

"Nani amesema ni kufika? Nimesema karibu."

Sikujua kosa liko wapi. Kuendelea kusugua bila kujua ni kurusha jiwe gizani. Tulirudi kwake, nikatoa vipimo vyangu vyote nivirudie, na ile chapati ya udongo ikiwa miongoni mwavyo. Mama Roselyn akaichukua, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha ikalia.

"Hii ulipima lini?"

"Ilipokauka."

Alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, kisha akakaa chini kabisa kwenye nyasi akicheka, akijifuta machozi kwa mkono wa udongo hadi uso ukawa na mistari.

"Ja-Suna. Miaka kumi na minne unakaa na sisi. Mtu akitaka mtungi wa lita ishirini, mimi nafinyanga wa ngapi?"

"Wa ishirini," nilisema.

"Karibu ishirini na saba. Kwa sababu udongo ukikauka unarudi ndani. Hata msichana wa darasa la pili hapa kwetu anajua. Umeipima pikipiki ya Cephas kwa udongo uliokonda."

Nikaona aibu, lakini aibu ile ilikuja na furaha, kwa sababu sasa nilijua. Nafasi ya kwanza haikuwa mbili. Ilikuwa mbili na zaidi, na kwa hiyo bado kulikuwa na kitu cha kuondoa. Safari hii alilikanda donge mwenyewe, akachambua kila punje ya mchanga, na nilipofungua hedi akaukata ule udongo ukiwa mbichi kwa uzi anaokatia vyungu. Ukakatika safi kama sabuni. Nikaupima pale pale. Ilibaki kuondoa unene wa ukucha wa mtoto, na hicho nilikiondoa Alhamisi, nikikipima mara tano.

"Usiukaushe," alikuwa akiniambia kila nikiushika.

Jumamosi Elvis alikuja na ile chupa ya lita moja, akaimimina mwenyewe, akaitikisa hadi tone la mwisho. Alipanda nyuma yangu, na kwa kuwa ni mtu mkubwa, pikipiki yangu ilipata taabu kuliko Ondiek. Rodi tukapita. Tukafika pale ilipokohoa Jumatano. Ondiek haikukohoa. Iliimba.

"Fundi, umeweka nini humo ndani?" Elvis aliniuliza sikioni.

"Muulize mama yako."

Soko la Homa Bay likaonekana, watu, miavuli, ndizi. Nikapunguza mwendo, nikaegesha. Mama Roselyn hakupunguza. Alitupita na mitungi yake minane, akapiga honi, akalipita lango la soko, akateremka kuelekea ziwani.

"Anaenda wapi?" Elvis akauliza.

"Anamaliza lita yake," nikasema.

Elvis alianza kumkimbilia kwa miguu, tumbo likitangulia, akiita, "Mama, imetosha, nimekubali." Wauza omena wakamshangilia bila kujua ni mashindano gani. Mama Roselyn alifika mahali boti zinapovutwa, akazunguka polepole, akarudi juu akimpita mwanawe tena. Ondiek ilizimika mbele ya meza anayouzia siku zote, kama punda aliyefika zizini.

Elvis alifika akihema, akafungua kreti, akaanza kushusha mitungi mmoja mmoja na kuondoa nyasi. Hakuna uliokuwa na ufa.

"Huu ni wa lita ngapi?" aliuliza, akiwa ameuinua mkubwa.

"Ishirini," mama yake akamwambia. "Lakini huo ulizaliwa ukiwa wa ishirini na saba."