Barua Iliyokuwa Laini Mgongoni

Shule yangu iliishia darasa la tatu. Lakini siku ile kwenye baraza la kata niliijua karatasi kuliko wote waliokuja na miwani yao.

Mume wangu alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mdogo wake akaibuka na barua, eti marehemu alimwandikia sehemu ya juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, yenye migomba na mfereji, tangu enzi za ujamaa. Kwetu kihamba cha nyumbani ni cha mtoto wa mwisho. Kitinda mimba wangu alikaa nyuma yangu, anakunja na kukunjua kofia. Barua ikikubaliwa, yeye anabaki na mawe.

Mwenyekiti akaiinua. Herufi za taipureta, nyingine zimefifia, nyingine zimevujisha wino, na karatasi ina rangi ya chai. Wazee wakaguna kwa heshima. Mtu wa umri wetu akiona herufi zile anakaa wima, maana ndizo zilizotuletea kila neno la serikali.

"Nipeni niishike," nikasema.

Nikaigeuza.

"Shemeji, maandishi yapo upande huu," akasema mdogo wa marehemu. Watu wakacheka.

"Nimeyaona. Tulia."

Miaka mingi nilifagia ofisi ya chama cha kahawa. Karani wetu alipiga mashine kama anayeua nyoka. Karatasi alizoharibu nilizichukua za kuwashia moto, na mgongoni zilikuwa na vipele. Nukta zilitoboa kabisa, mwanga ukapita. Hii niliipapasa yote. Laini kama jani la mgomba.

Hapo nikamkumbuka mjukuu wangu, anayechapa kadi pale mjini Moshi. Alishanionyesha herufi za kompyuta zinazoiga taipureta, hadi uchafu wa wino umetiwa makusudi. Maharusi wanazipenda. Nilimwambia kadi yake inafanana na wito wa mahakama.

"Mwenyekiti, papasa nyuma."

Akapapasa. Akampa aliye kulia kwake, naye akapapasa.

"Hiyo ni ya kompyuta," nikasema. "Mwaka ulioandikwa hapo, nani mlimani huku alikuwa na kompyuta?"

"Ni nakala," shemeji akajibu haraka. "Ya kwanza ililiwa na mchwa. Nikaipeleka mjini ikachapwa upya."

Mwenyekiti akaileta karatasi karibu na macho. "Imechapwa upya lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na sahihi hii ya kalamu, marehemu aliitia lini?"

Safari hii hakucheka mtu. Mwanangu aliacha kukunja kofia.

Barua ilibaki barazani, kihamba kikabaki kwetu. Siku ya tatu, asubuhi, shemeji akaja ameshika jani la sale, ule mmea wa mipakani. Kwetu ukiletewa sale la kuombwa msamaha, hukatai. Nililipokea. Ila nilimwacha kwanza asimame nalo uani hadi nimalize kukamua, na ng'ombe wangu wakati ule alikuwa na maziwa mengi sana.