Kiini cha Yai, Dawa ya Macho Yangu

Mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa saba, macho yangu yalianza kunisaliti kila jua lilipozama. Mchana niliona vizuri kama mtu yeyote hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kiza kikianza kuingia tu, mlango ulipotea, nikawa napapasa ukuta. Jioni moja nilimmwagia mama mkwe uji wa moto mkononi nikidhani ni kikombe. Badala ya kupiga kelele, aliichukua sufuria taratibu mikononi mwangu, na hilo likanitisha zaidi.

Wiki nzima sikutulia. Nilifagia uwanja ambao tayari nilikuwa nimeufagia, nikikaa nasimama. Mwishowe nikaenda hospitali Mbarara. Muuguzi aliyenipokea alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kambi ya jeshi, kwa mume wake mwanajeshi.

"Mama, wewe nakula nini nyumbani?"

"Ugali ya posho na maharage."

"Na mayai?"

"Kuku tuko nao. Lakini mama mkwe anakataza. Anasema mutoto atanenepa mu tumbo, nishindwe kuzaa."

Alinipa vidonge, kisha akanieleza polepole kwa nini nile mayai. Jicho haliwezi kuona kwenye mwanga hafifu bila vitamini A. Ndani ya yai, vitamini hiyo imo kwenye kiini, si kwenye ute mweupe, kwa sababu hukaa kwenye mafuta. Kiini hichohicho kina kolini, inayosaidia kujenga ubongo wa mtoto.

Nilirudi Nakivale nikiwa na hofu mpya: ya kula. Siku tatu nilichemsha yai kwa siri nikalila nyuma ya nyumba, nimesimama, nikigeukageuka kama niliyeiba. Siku ya nne mama mkwe akanikuta.

"Unakula nini?"

"Yai, mama. Nisamehe. Ile siku ya uji sikuona mukono yako. Macho yangu inakufa."

Nilingoja matusi. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Mimi pia sikukuwa naona," alisema. "Kule kwetu Kivu, mimba yangu ya kwanza. Jioni nilianguka mu mutaro, mimba ikatoka. Watu walisema ni bulozi, ati nimerogwa. Hakuna mutu aliniambia ni chakula."

Akaokota ganda la yai, akauliza kama ile rangi ya njano ndiyo dawa. Nikamwambia hapana, muuguzi alisema rangi hutoka kwenye majani ambayo kuku hula. Hata kiini kilichopauka kinaweza kuwa na vitamini hiyo.

Tangu kesho yake alinichemshia yai mwenyewe, akasimama juu yangu hadi nimalize. Baada ya wiki chache nikaanza kuuona moshi wa majirani jua likiwa limeshazama. Nilijifungua binti, salama. Lakini hadi leo nikitoka nje jioni, mama mkwe hunishika kiwiko.

"Naona, mama," humwambia.

"Najua," hujibu, wala haniachii.