Cheni Niliyoiita Fupi

Mwaka uliofuata uhuru, hapa Rumonge, nilijitangaza fundi wa magari ya kasi, ingawa nilikuwa nimefungua injini mbili tu. Mzee Rashidi, mfanyabiashara wa mawese, aliniletea gari la mashindano alilonunua kwa Mbelgiji aliyerudi kwao. Cheni ya ndani ya injini ilikuwa imechakaa, ikipiga kelele. Kwa Mama Zaituni, muuza vipuri, nilichagua seti mpya, cheni na magurudumu yake ya meno. Nilipoining'iniza kando ya ile ya zamani, niliona mpya ni fupi kwa upana wa kidole.

Nilimchukua Mzee Rashidi pamoja na cheni zote mbili, tukarudi dukani, nami kifua mbele. Nikasema wateja wote wakisikia, "Mama, cheni hii iko fupi. Umetuibia."

Mama Zaituni hakubishana. Alizilaza zote mbili mezani, akahesabu pingili moja moja kwa sauti, na wateja wakahesabu naye. Idadi ilikuwa sawa.

"Ya zamani imevutika kwa kuchakaa, fundi," alisema.

Mzee Rashidi alinigeukia taratibu. "Sasa wewe ulifikiri tunaibadilisha kwa nini?"