Sifa za Nyumba ya Bi Zaituni

Haya, chekeni tu, maana watu wa mtaa wetu wa Skuta walishacheka hadi wakachoka, na mimi mwenyewe hujaribu kucheka nikikumbuka, ila nikifika pale penye salamu kicheko hukatika.

Bi Zaituni ni mjane wa Majengo, ana duka la nguo za watoto karibu na msikiti, na alirithi kwa baba yake ile nyumba kuukuu ya mawe iliyo nje kidogo ya Skuta, iliyojengwa na mlowezi ambaye jina lake halikumbukwi, na haijakaliwa tangu baba yake afe. Mpwa wake alitaka ibomolewe zijengwe fleti. Bi Zaituni hakutaka, kwa kuwa alizaliwa mle ndani, basi wakapatana kwamba akipata mpangaji mwezi huo nyumba itabaki, asipopata itaangushwa. Akaja kwangu, kwa sababu mimi huandika makala na niliwahi kufundisha Kiingereza, akaniambia kwamba wapangaji wa siku hizi hutafuta nyumba kwenye simu, na tangazo lisilo na Kiingereza kizuri hawalimalizi. Akanipa ufunguo wa mlango wa jikoni ili nikaione kwanza.

Sikwenda. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kutoka barabarani, nikajiambia kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu hahitaji kuingia ndani ya nyumba ili aisifu, nikaketi na chai yangu nikaandika "spacious", kwamba ina nafasi tele, na "airy", kwamba hewa inapita vizuri, na "solid", kwamba ni imara haitikisiki, na kwa vile kalamu ilikuwa imepata moto nikaongeza "charming", kwamba inapendeza, neno ambalo wauza nyumba hulitumia wakikosa la kusema. Tangazo likavuta watu kweli: pasta mmoja na mkewe, Mama Shiru, waliokuwa wakitafuta mahali pa kufungua shule ya chekechea. Wangekuja Jumamosi alasiri.

Jumamosi hiyo dhamiri ikaanza kunisumbua. Nikaamua niwatangulie, niingie kidogo, nihakikishe maneno yangu, nitoke, na nisimwambie mtu (uamuzi mdogo, na mbaya kuliko yote niliyowahi kufanya nikiwa sijalewa).

Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai yetu, ukungu umeketi juu ya michongoma tangu asubuhi na jua halijulikani liliko. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, na ndani mlikuwa na baridi ya aina nyingine, baridi ya kisimani. Sauti ya hatua zangu ilikuwa ikichelewa kidogo, kama kwamba mtu alikuwa nyuma yangu akijitahidi kwenda sawa na mimi, na nikisimama naye anamalizia moja ndipo asimame. Nikapanda ngazi hadi chumba cha mwisho. Mlikuwa na kiti kimoja tu, kimeelekezwa ukutani, na vumbi lilikuwa kila mahali isipokuwa pale pa kukalia. Nikasukuma dirisha ili nipate mwanga, dirisha likagoma, dari ikaniangushia chokaa kutoka kichwani hadi kiunoni.

Sasa mimi nina tabia ya kujaribu maneno kwa sauti, kama mtu anayejaribu viatu. "Cold," nikasema, baridi, na neno likazunguka chumba chote kabla ya kunyamaza. "Hollow," tupu kama mtungi. "Abandoned," iliyoachwa na watu wake. Yalikaa vizuri kuliko yote niliyoyaandika, nikazidi kuyanong'ona moja baada ya jingine, na sitawaficha, nilikuwa nimeanza kufurahi.

Sikujua kwamba wageni, wakiwa na Bi Zaituni, walikuwa wamewahi kwa kuogopa mvua, na kwamba walikuwa wamesimama kwenye mlango wa mbele wakinisikia. Mama Shiru (ndiye aliyenisimulia baadaye) aliuliza ni nani anaongea, Bi Zaituni akasema ni upepo, naye pasta akauliza tangu lini upepo ukajua Kiingereza. Bi Zaituni akafungua mlango, na kwa kuwa kwao mtu haingii nyumbani bila salamu hata kama hamna mtu, akasema kama anavyosema siku zote, "Assalamu alaikum."

Mimi nimekulia jirani na Majengo, na salamu ile mtu haiachi ianguke chini. Kabla sijafikiri nikajibu, kwa sauti iliyokwaruzwa na vumbi, "Waalaikum salaam." Na huko chini nako kukajibu karibu pamoja nami, kwa sauti nzito kuliko yangu, nikadhani ni mwangwi, nikawaza "echoing", neno zuri, nitaliongeza.

Kisha nikamsikia pasta akimuuliza Bi Zaituni polepole, "Mama, si ulisema hii nyumba haina mtu?"

Hapo nikasikia miguu ikianza kurudi nje. Nikakimbilia ngazi nikipaaza sauti kwamba ni mimi, nisubirini, na hebu fikirieni walichokiona: kiumbe cheupe kinateremka gizani kikiwaomba wasiondoke. Pasta aliwatangulia kondoo wake hadi kwenye gari. Mimi kidato kilivunjika chini yangu, mguu ukazama hadi pajani, nikabaki nimekwama pale nikiwa nusu mtu na nusu ngazi.

Majirani wakaja na mapanga, halafu waliponitambua wakatoa simu wakanipiga picha. Mama Shiru ndiye aliyerudi ndani, akainama karibu yangu akiwa amelifungua lile tangazo. "Mwalimu, hapa umeandika 'solid'. Ni hizi ngazi, ama kuko na zingine?"

Fundi alinitoa kwa msumeno. Pasta hakushuka tena garini, alisema tu kupitia dirishani kwamba watoto wa watu hawatasomea hapo, wakaenda, na mpangaji wa Bi Zaituni akawa ameondoka kwa mkono wangu, kabla mwezi haujakwisha.

Nilijikokota hadi Majengo kuomba radhi. Nilimkuta akikunja sweta za shule, nikamwambia nitaandika tangazo jingine la kweli, nitaongea na mpwa wake. Akasema nisihangaike. Mpwa alikuwa amepeleka mafundi wa kubomoa, wakasikia habari ile, wakakataa kugusa hata mlango. Na yeye mwenyewe hataki mpangaji tena.

"Mwalimu, ulikuwa juu?"

"Juu, chumba cha mwisho."

"Nilikusikia. Lakini wewe ulijibu wa pili." Akalaza sweta juu ya nyingine. "Aliyetangulia alikuwa jikoni."

Nikamuuliza ni nani.

"Sikuuliza. Miaka yote hii nasalimia, ananyamaza. Siwezi kumvunjia nyumba siku aliyoanza kunijibu."

Nilitoka dukani nikichechemea. Tangu hapo, nikiombwa sifa za nyumba yoyote, nataka mwenyewe anitembeze, mchana, milango yote ikiwa wazi. Na nikiwa ndani nikasikia mtu anatoa salamu mlangoni, siharakishi tena. Nanyamaza kwanza, nisikilize kama kuna mwingine atakayeijibu.